Maharagwe Yako Chini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Itangazwe kwa wote wanaohusika — yaani mimi, cherehani na paka wa jirani — kwamba kuanzia leo mchana mimi Muiruri, fundi wa nguo hapa Nakuru, nimeachana rasmi na ugali. Tumeishi pamoja zaidi ya miaka hamsini bila ugomvi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ni kiuno tu kimekataa.

Ilianza Jumamosi. Kifungo cha suruali yangu, nilichokishona kwa mkono wangu na uzi wa viatu, kiliruka mbele ya mteja. Akakiokota, akanirudishia kwa heshima kama chenji. Nikatoka nje kutafuta hewa, nikakuta hema la kupima sukari bure karibu na soko. Nesi akaangalia kamashine kake, akaangalia tumbo langu, akasema sukari bado haijaingia ndani ila iko mlangoni, inabisha. Nipunguze ugali, chapati, wali, viazi. Niongeze nyama, samaki, mayai, mboga za majani. Nikamwuliza nyama ya nani. Akacheka sana. Akasema basi hata maharagwe, mzee, lakini kwa kiasi.

Nimepima kiuno. Inchi arobaini na mbili. Naandika hapa ili siku moja nicheke.

Kibandani tunakoshonea hakuna atakayejua. Fundi akisemekana ana sukari, wateja huanza kuchukua vitambaa vyao polepole, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya sadaka.

Jumanne, 3 Juni

Omena, dagaa wa ziwani. Protini ya watu wa hali yangu. Nilikaanga na nyanya asubuhi, nikabeba kwa mkebe, nikala nikiwa nimegeukia ukuta.

Tatizo ni kwamba gauni la bibi harusi lilikuwa limetundikwa juu ya kichwa changu. Mwenyewe akaja kulijaribu. Akanusa bega la kushoto. Akanusa la kulia. Nikasema ni paka.

Paka alikuwa amelala mlangoni. Hakuwa na wakili.

Omena basi.

Alhamisi, 5 Juni

Sisi kibandani ni wanne. Mimi. Kosgei wa suti, ambaye mdomo wake hautumii stima lakini hauzimiki. Shantel wa kudarizi, msichana mzuri, simu mkono mmoja na sindano mkono mwingine. Na Nasir wa kanzu, mtu wa maneno machache. Mchana tunakula sufuria moja. Anayetupikia ni Edinah, jiko lake liko nyuma ya gereji: githeri, Jumatatu hadi Ijumaa. Analeta sufuria, anarudi kwa wateja wake wa gereji. Mkubwa ndiye hupakua, na anayepakua hujipakulia mwisho. Hiyo desturi niliikuta hapa. Walionitangulia walisema Muiruri ana mkono wa haki. Nimepakua miaka yote hiyo.

Leo nimegundua kitu. Githeri ya Edinah ina mchuzi, na maharagwe huzama. Mahindi hubaki juu yamejipanga kama watu wa picha. Ukichota juu juu, bila haraka, huku ukiongea mambo ya mvua, wenzako wanapata mahindi. Kisha wewe wa mwisho, mnyenyekevu, unafika chini.

Sahani nzima ya maharagwe! Haikuwa na punje ya mahindi hata ya dawa. Kosgei akawaambia wenzake mwoneni mzee, siku zote anakula makombo. Nikainamisha kichwa.

Walidhani ni unyenyekevu.

Jumamosi, 7 Juni

Jana ilikuwa Idd. Leo Nasir ametuletea pilau ya kwao, sinia kubwa imefunikwa kwa kitambaa, nyama ya mbuzi juu. Tulinawa, tukakaa kuzunguka. Nilijiambia nitakula kama binadamu.

Upande wangu wa sinia ulibaki wali mtupu, umefagiliwa vizuri. Sijui ulivyofika hapo. Yaani najua. Nilikuwa nikisukuma wali kwa vidole na kuvuta nyama, kama mtu anayetafuta sindano kwenye kitambaa. Nasir aliangalia ule wali. Kisha akaniangalia mimi, kidogo tu, halafu akaniongezea kipande kutoka upande wake. Nikakila. Mungu anisamehe, kilikuwa na mafuta mazuri.

Jioni mama watoto akapiga simu kutoka Dundori. Ametuma viazi kwa gari la maziwa, gunia nusu, vya shamba la juu, vile ninavyopenda. Akauliza kama vya mwezi jana nilivimaliza. Nikasema vyote. Viko chini ya kitanda, vimeanza kuota. Akafurahi. Atatuma vingine.

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata dawa ya viazi. Nimembebea Edinah lile gunia nusu. Nikamwambia ni vya kuongezea githeri ya vijana, wanafanya kazi ngumu. Akashika kiuno, akaniangalia kama mtu aliyeokota kitu. Akasema mzee una roho safi, siku hizi hakuna anayeleta, wote wanakuja kuchukua. Akaingia kwa banda lake la kuku, akanitolea mayai matano. Nikakataa kidogo, ile ya adabu. Nikayachukua.

Mayai matano kwa viazi nisivyovitaka, na sifa juu. Nimeyachemsha. La kwanza lilipita vizuri. La pili lilikwama kwa hilo neno roho safi.

Jumatano, 11 Juni

Mambo yameharibika.

Edinah ni mtu wa kutimiza. Nilisema viazi vya vijana, basi vijana wamepata viazi. Sufuria imefika imejaa, vinaelea juu pamoja na mahindi. Nikapakua kama kawaida yangu mpya. Kosgei akakoroga sahani yake, akakoroga tena, kisha akainua haragwe moja kwa ncha ya kijiko, akatuonyesha. Akauliza hii ni githeri ama ni mukimo iliyosahau kupondwa. Akasema huyu mama ametujulia: anapunguza maharagwe, anajaza viazi, maharagwe yetu anawapelekea watu wa gereji.

Shantel akalipiga picha lile haragwe. Akaituma kwa group ya mafundi wa mtaa mzima. Akaandika: “Huyu ndugu amepotea. Alionekana mara ya mwisho kwa Edinah. Mwenye habari atupigie.”

Watu walicheka mpaka jioni. Simu zinalia huku na kule, kila mtu anatuma vichekesho vyake.

Mimi nilicheka kuliko wote. Mdomo ukiwa umejaa maharagwe.

Alhamisi, 12 Juni

Watu wa gereji wameiona ile picha. Wao nao wameanza kuhesabu maharagwe. Wengine wamehamia leo kwa mama wa chapati upande ule wa barabara. Sufuria ya Edinah ya mchana ilibaki nusu. Nimeiona, nilipita hapo kwa makusudi, nikajifanya natafuta mkaa.

Alikuwa ameketi kwa kigoda chake, mikono juu ya magoti. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama githeri yake ina shida, maana mimi ndiye napakua, mimi ndiye naona ndani. Ana watoto watatu na hiyo sufuria. Hana kingine.

Nilisema labda ni msimu.

Msimu wa nini, Muiruri? Hata yeye alitaka kuuliza, nilimwona. Akaninunia kidogo halafu akanipa yai.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya kula, Kosgei ameitisha mkutano. Alisimama na mkasi mkononi, ni kuuweka chini tu alisahau, lakini ulisaidia hoja zake. Tumehurumia vya kutosha, anasema. Kama huyu mama anatuibia, tuhame, na mtaa wote ujue sababu. Shantel alisema angalau tupate ushahidi kwanza, si picha tu. Nasir alisema kumharibia mtu jina si jambo la mchezo.

Wakakubaliana: mmoja wetu aende Jumatatu asubuhi asimame jikoni, aone maharagwe yakiingia kwa sufuria kwa macho yake. Mtu wa haki. Mtu mzima. Mtu asiyeweza kudanganywa.

Waliniangalia wote.

Nilitafuta kikohozi, hakikuja.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani nilikaa nyuma. Suruali nimeifunga na pini. Sikusimama wakati wa ushuhuda.

Jumatatu, 16 Juni

Nilifika jikoni mapema. Edinah akafuta kiti kwa khanga, akanikaribisha chai bila sukari — sikumwambia, ameona tu kwamba siku hizi siweki. Anaona mengi huyu mama. Nikaanza kuongea ongea habari za mvua, zile zangu za siku zote. Akaniacha nimalize.

“Umetumwa, sio?” akasema.

“Nimetumwa.”

“Basi angalia vizuri, mzee. Usipepese.”

Akamimina maharagwe mbele yangu, gorogoro, lile kopo la kupimia, imejaa mpaka ikamwagika pembeni. Akaokota yaliyoanguka, akayatia. Kisha akaenda kwa mkebe wa nyumbani kwake, ule wa watoto, akachota kwa mikono miwili, akaongeza. Nilitaka kumzuia. Nilikaa tu na kikombe changu.

Hapo ndipo ningesema. Tulikuwa wawili tu na moshi. Ningesema: Edinah, ni mimi. Ni tumbo, ni nesi, ni aibu tu. Sentensi fupi hizo, nimeziandika hapa bila shida. Jikoni hazikutoka.

Mchana nikapakua. Mkono ulienda wenyewe! Naapa niliuambia uchote chini. Ulichota juu. Umeshazoea, na macho yote yalikuwa kwangu, na kuchota chini leo ingekuwa ni kusema.

Nikatoa ripoti. Nikasema maharagwe niliyaona yakiingia, mengi, na ya ziada. Kosgei akaangalia sahani yake. Mahindi na viazi.

“Basi yanaenda wapi, mzee?”

“Sijui.”

Ndivyo nilivyosema. Sijui. Mbele ya watu waliosema mimi ni mtu wa haki.

Nasir alikuwa anazungusha gurudumu la cherehani yake bila kitambaa. Akalisimamisha kwa kiganja. Akasema, bila kuniangalia, kwamba mzee amepakua miaka mingi, amechoka, kesho apumzike. Kosgei apakue.

Kosgei akasema wazo zuri, ni heshima. Shantel akapiga makofi.

Jumanne, 17 Juni

Naandika nikiwa kwa cherehani yangu. Mchana. Sufuria imefika, na leo Edinah hajarudi gereji. Amesimama mlangoni, amekunja mikono kwa aproni. Anasema anataka kuona watu wakila. Watu wa gereji wote wamehama tangu jana. Tumebaki sisi tu.

Kosgei ameshika kijiko cha kupakulia. Mimi ndiye wa kwanza kupakuliwa, kwa sababu ya umri. Amechota juu: mahindi, kiazi. Ameionyesha sahani yangu kwa wote kama hakimu. Mwoneni hata mzee, anasema. Hata mzee anaibiwa!

Nimeiweka hapa kando ya uzi. Siigusi.

Sasa ni Shantel. Mahindi.

Sasa ni Nasir. Nasir anasema taratibu, chota chini kidogo, ndugu yangu.

Kijiko kimegonga chini. Kosgei ameinama, anachungulia ndani. Ameinua kijiko, maharagwe yanamwagika pande zote, mekundu, yameiva vizuri. Amekirudisha. Ameinua tena. Anaangalia sufuria, anamwangalia Edinah.

Edinah haangalii sufuria. Ananiangalia mimi.

Shantel anauliza mzee unaandika nini saa hii. Nimesema vipimo vya mteja. Mteja gani, anasema, na hakuna mtu ameingia tangu asubuhi? Nimetoa tepu shingoni, nimeizungusha kiunoni mwangu mbele yao, angalau neno moja la leo liwe la kweli. Tepu inaniteleza, naishika tena. Hakuna anayecheka. Kosgei bado ameshika kijiko hewani, mchuzi unamdondokea viatuni.

“Soma basi,” Edinah anasema.

Arobaini na mbili. Ileile ya siku ya kwanza.