Sauti ya Golikipa

Shangazi Kheiria,

Assalaam alaykum. Maskati joto limepungua, na chuo nimeshakizoea. Timu yetu ya wasichana imefungwa mechi zote msimu huu, lakini golini bado ni mimi.

Juzi Baba alikuja kutazama. Akamuuliza Mama, "Nani yule anayewapigia wenzake makelele?"

"Mwanao."

Mimi, ninayejificha jikoni wageni wakija! Njiani akaniambia, "Khalas, mechi ya mwisho huchezi. Mtoto wa kike hapazi sauti namna ile."

"Baba, nikinyamaza mabeki hawajui pa kusimama. Nitacheza."

Hajasema nami tangu hapo. Akikupigia simu kunishtaki, mwambie nimeshakwambia mwenyewe. Glavu nimezifua, nimezianika uani, mbele ya kiti chake.

Mwanao,
Shatha