Nusu Ndoo Niliyoisahau

Baba yangu,

Nimeolewa! Leo wiki ya tatu, na hina bado haijafutika vidoleni. Ni Shabani, yule fundi baiskeli wa Ngorongo ambaye ulisema ana mikono mitulivu. Akija na kikombe cha chai nasahau nilikuwa nasema nini. Ungenicheka.

Nakuandikia habari za mashua yako. Tangu utuache ilikaa kijitoni hapa Mbwera, injini tumboni, mbao zinaoza. Mjomba alisema maji makuu ya bamvua yakija itazama na injini yake, bora tuipasue kuni. Mama akainuka. Aliingia ndani.

Wanaume wengine walikuwa mashambani wanavuna mpunga. Nikamwambia Shabani, tuko wawili, na roda za baba, yale magurudumu ya kamba ya kuinulia mizigo, zipo. Tukasimamisha miti ya mikoko juu ya mashua kama ulivyozoea, roda mbili juu, mbili chini. Injini kilo mia na sitini, kamba zinazoibeba nne, kwa hiyo mvuto wa kilo arobaini. Ndoo mbili za maji, kila moja kilo ishirini: yeye moja, mimi moja. Nilivyojivuna! Tukazitundika kwenye ncha ya kamba, ile desturi yako ya kujaribu kwa maji kabla ya migongo ya watu. Injini haikutikisika.

Mjomba akapaza sauti toka ukingoni, "Bibi harusi, injini haina kiu!"

Hapo nikakukumbuka. Nilipokuwa kidato cha tatu nilikuonyesha hesabu hii hii. Ukazungusha roda mkononi, ikalia, ukasema, "Nzuri, mwanangu. Na kelele hii umeiandika wapi?" Nilinuna siku mbili. Baba, sikuwahi kukujibu.

Basi tukatundika ndoo ya tatu, tupu. Shabani akamimina maji kwa kata, mimi nimeshika kamba. Ilipofika nusu roda zikalia, injini ikapanda kiganja kimoja, ndoo zikashuka viganja vinne. Nusu ndoo! Huo ndio msuguano. Nimeiandika upya: kuinua injini mita moja ni kazi ya jouli elfu moja na mia sita, lakini sisi tunavuta kamba mita nne na kufanya kazi ya elfu mbili. Mia nne zinaliwa na roda.

Tukatua ndoo, tukavuta wenyewe. Shabani nyuma yangu, pumzi yake shingoni, oh baba, naona haya kukwambia. Mjomba akashuka topeni kuielekeza injini kwenye magogo tuliyoyapanga kando. Mama akatoka, akashika mkia wa kamba, akalia.

Juzi niliunguza wali, Shabani akanuna. Nikasema moyoni: nusu ndoo, ndoa nayo ina msuguano wake. Jioni tulikuwa tunacheka.

Pumzika, baba, Mola akupe nafasi pana. Mashua haitakuwa kuni, nakuahidi. Mbao mpya tumeshaanza kuranda. Roda nitazipaka mafuta. Ila kidogo tu. Nataka ziendelee kulia.

Mwanao,
Mwajuma