Mvua Iliyofungwa na Mama

Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,
Hujambo? Kazi yako ya kutazama mawingu inakwendaje? Mimi mzima, mgongo tu. Matofali ya nyumba yangu nimeshafyatua, yamejaa uwanja mzima, bado kuyachoma. Lakini mvua imegoma, mahindi ya watu yamenyauka, na baba mwenye nyumba ananitangaza kuwa nimeifunga mimi ili matofali yangu yakauke. Anataka nihame mwisho wa mwezi. Nimemwambia ningekuwa na uwezo huo ningeanza na mdomo wake.
Wewe unayejua mambo ya hewa, mvua iko wapi?
Mama yako

Tarehe 11 Aprili

Mama, shikamoo.
Barua yako imenichekesha, kisha ikanikasirisha. Hujafunga kitu. Kuna mgandamizo mkubwa wa hewa, yaani hewa nzito inayoshuka, umekuja ukakaa mahali pamoja na hautaki kuhama. Chini yake mawingu hayajengeki, na mvua inayokuja inazungushwa pembeni. Ndiyo hiyo inayomwagika kwa mama mdogo mpaka masufuria yanaelea jikoni. Jua lako na mafuriko yake vimeletwa na kitu kimoja.
Lakini nakuhofia. Njoo ukae kwangu.
Binti yako

Tarehe 18 Aprili

Mwanangu, marahaba. Pole na kazi.
Siji. Nikiondoka leo watasema mchawi kakimbia. Barua yako nimeisoma kwa sauti kwenye foleni ya bomba. Fundi baiskeli akauliza hiyo hewa itahama lini. Baba mwenye nyumba akasema nimemfundisha uongo hata mtoto wangu. Hilo limeniuma kuliko la uchawi.
Mama yako, niko palepale

Tarehe 23 Aprili

Mama, shikamoo. Mgongo unaendeleaje?
Ule mgandamizo umelegea na umeanza kusogea. Mvua itakufikia karibuni, tena kubwa. Ukipata barua hii tu, funika matofali. Watasema ulijua kwa sababu umeiita mwenyewe. Waache waseme. Nampa dereva wa basi aifikishe haraka.
Binti yako

Tarehe 2 Mei

Mwanangu, hujambo? Mimi sijambo, nimelowa tu.
Nilifunika mchana kweupe, nikawaambia wote mvua inakuja. Baba mwenye nyumba akaja na kundi lake, akalivuta turubai kwa mikono yake, eti anafungua mawingu. Jioni ikanyesha. Akasimama katikati ya uwanja amelowa chapachapa, watu wanamshangilia, na mimi natazama nyumba yangu ikirudi kuwa tope. Nililia, sikufichi.
Basi mvua haijakatika mpaka leo. Ukuta wa choo chake umelala, mashamba yamejaa maji, na watu walewale wamejazana mlangoni kwake wanataka aifunge. Anaapa hajui kufunga wala kufungua. Nikamwambia mbele yao wote: na mimi sijui, na sihami. Akatazama chini, akaingia ndani.
Udongo haujaenda popote, tena umelainika vizuri. Nimeshaanza kuukanyaga, na fundi baiskeli ananisaidia. Wewe nakuomba kitu kimoja: ukiona ile hewa nzito inarudi kukaa, niandikie mapema. Safari hii nitafyatulia mbele ya mlango wake.
Mama yako