Wino mu mukebe wa maziwa

Yaya Angela,

Unisamehe kukaa kimya. Nilitaka kukuandikia kesi ikiisha, na haijaisha. Huku Élisabethville baridi inauma, Monika anakohoa.

Leo mbele ya hakimu bashemeji balirudia: barua ambamo marehemu mume wangu aliniachia mutoto wetu Monika, eti niliiandika mimi baada ya kumuzika. Muzungu wa kupima wino akaitia tone la dawa, rangi ikaenea.

"Wino wa zamani hauenei. Huu iko mupya."

Nikamwambia, "Bwana, ilikaa miaka ine mu mukebe wa maziwa, nimeuziba na nta."

Akakuna shavu. "Bila hewa wino haukomai. Basi siwezi kuapa."

Shemeji mukubwa akacheka. "Hata mukebe wake iko na uongo."

Kuitunza ndiko kunanishitaki, yaya.

Muzungu ameomba barua ingine ya mukebe ule, yenye siku inayojulikana. Wino wake ukienea vilevile, nitaaminiwa. Juma ijayo banaamua mutoto aende kwa nani.

Nakukumbatia na batoto wote. Mupe dereva wa lori ya samaki: mukebe muzima niliokuachia nimeuziba tena (usiufungue, barua ya posa ya marehemu iko ndani, na muhuri wa posta ku bahasha); dawa ya kikohozi; sweta ya Monika, ile kubwa, maana sijui atakuwa wapi akikua.

Dada yako, Tereza