Nilisema Simjui

Jumamosi, 6 Septemba
Malaba tena. Foleni ya malori imefika mbali, madereva wamenuna. Nimechapa karatasi za mizigo tangu asubuhi, mgongo unauma. Kibali changu cha mwanafunzi hapa Kenya kimeandikwa wazi: hakuna kufanya kazi. Boss Wekesa, ajenti wa forodha, haulizi, nami simwambii. Kwetu Tororo, Uganda, ni hapo tu ng'ambo. Hata sijioni mgeni.

Jumapili, 7 Septemba
Boss anataka mtu wa pili. Nimemtaja Nakato, tunayelala naye chumba kimoja chuoni Busia, upande huu wa Kenya. Yeye ni Mganda wa Masaka, ana kibali kama changu, tunasomea uuguzi pamoja. Aliogopa. Nikamwambia kibali hakuna anayekiangalia. Ukweli ni kwamba nilitaka yeye ashike Jumapili ili mimi nisome.

Jumamosi, 20 Septemba
Nakato ana mkono mwepesi kuliko wangu. Kiswahili chake bado kinachechemea. Kila dereva anamwita "ssebo", yaani bwana kwa Kiganda, nao wanacheka. Ananishukuru kwa hii kazi kila tukinywa chai. Inanichoma.

Jumamosi, 4 Oktoba
Maafisa wa uhamiaji wamekuja. Walikuwa wawili. Mmoja akaniuliza kwa Kiteso kwetu ni wapi. Nikajibu kwa Kiteso, Moding. Moding, upande wa Kenya, ni kwa shangazi, si kwetu. Lakini Kiteso ni kimoja pande zote mbili za mpaka, na akaridhika.

Hapo Nakato akaingia na chupa ya chai, funguo za ofisi mkononi. Akamsalimu afisa kwa Kiganda. Afisa akanigeukia.

"Huyu unamjua?"

"Simjui, afande. Sijui ametoka wapi."

Kiswahili hicho Nakato alikisikia chote. Alisimama tu na chupa yake. Boss akaangalia sakafu. Wakamchukua.

Jumapili, 5 Oktoba
Mimi ni mwoga. Sina neno lingine.

Jumatano, 8 Oktoba
Wamemvusha. Yuko Busia ya Uganda kwa binamu yake. Chuo kimepata barua, kikao cha nidhamu ni Ijumaa. Huenda wakamfukuza, naye amebakiza mtihani wa mwisho tu. Matroni wa bweni anasema Nakato amekiri alitafutiwa kazi na mwenzake, ila amekataa kumtaja. Akaniuliza kama najua lolote. Nikasema hapana. Ulimi wangu umeshazoea.

Watu husema mchuma janga hula na wa kwao. Nimechuma mimi, anakula yeye peke yake.

Alhamisi, 9 Oktoba
Ujumbe wa Nakato: "Amongin, nyamaza. Mmoja wetu amalize."

Heri angenitukana. Nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikarudisha sahani. Mchana kutwa nimejiambia kwamba yeye mwenyewe ameniruhusu. Maneno matamu hayo. Nimeyarudia mpaka nikajichukia.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nilivaa sare, nikagonga mlango wa kikao kabla hakijaanza. Niliwaambia kwetu ni Tororo, si Moding kama nilivyowadanganya maafisa. Niliwaambia nimefanya kazi Malaba tangu mwaka jana, Nakato nilimpeleka mimi, na mbele yao nikamkana. Matroni hakuniangalia. Mkuu wa chuo alichukua kibali changu, akaniambia ningoje nje. Baadaye karani akatoka: uamuzi wa wote wawili ni Jumatatu.

Nilijisikia mwepesi. Hilo nalo linaniaibisha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Sikwenda Malaba. Nimefua, nimefagia chumba, mvua kidogo saa nane.

Jioni nikampigia Nakato, nikamwambia nimekiri yote. Akalia, na kilio kilikuwa cha hasira. Akauliza sasa ni nani atamaliza. Nilisema tu nisamehe, nisamehe, mpaka neno likaisha nguvu. Nilisikia mtoto wa binamu yake akiitwa kuoga. Nilingoja akate simu. Hakukata.