Maelezo ya Mama Vifungo Kuhusu Mtu Aliyenasa Chini ya Daraja

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye kitabu cha kituo. Mtaani anaitwa Mama Vifungo.
Umri: miaka 52
Elimu: darasa la nne
Kazi: fundi cherehani
Makazi: nyumba za nyuma ya ghala la mbao, safu ya tatu, mlango wa kijani
Tarehe: 14 mwezi wa sita. Yameanza kuandikwa saa 9:40 alasiri.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya kwa hiari yangu na akili zangu ziko sawa, ingawa asubuhi ya leo yupo afande aliyelitilia shaka jambo hilo.

Nina mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na minne. Ni dereva wa gari la kusambaza mikate. Tangu mwezi wa tatu amechukuliwa na watu wanaotengeneza filamu. Filamu hiyo imetolewa kwenye katuni ya Kijapani ya vijana wanaoshindana kwa magari barabarani. Binti yangu ameitazama katuni hiyo tangu yuko shule ya msingi, mpaka nikawa natishia kuitupa televisheni nje. Sasa hawa wanataka watu wenye nyama na mifupa wafanye yale yaliyochorwa. Mwigizaji mkuu ni kijana mwenye sura nzuri, lakini hata kurudisha gari nyuma hajui. Kwa hiyo binti yangu huvaa nguo zake na zile nywele za bandia za bluu, akaendesha badala yake.

Mimi nilipewa kazi ya kushona. Mkubwa wao wanamwita Mwongozaji. Ana kompyuta anayotembea nayo kama mtu aliyebeba mtoto, anasimamisha picha ya katuni, anakutazama wewe, anatazama picha. Koti jekundu la dereva nililirudia mara nne kwa ajili ya kola tu, maana kwenye katuni kola inasimama hata upepo uvume vipi. Nguo haisimami hivyo, afande. Mwishowe nilikata mfuniko wa ndoo ya plastiki nikautia ndani. Ikasimama. Koti hilo lilikuwa moja tu, kitambaa kiliisha.

Mnamo mwezi uliopita, tarehe sikumbuki ila ilikuwa Alhamisi, niliambiwa kuna mahali kwenye katuni gari linaruka ukingo wa mto, dereva anacheka dirishani, gari linatumbukia, naye anatoka akiogelea bila mkwaruzo. Mwongozaji alitaka binti yangu awe ndani. Nilimfuata ofisini na sindano zangu zikiwa bado zimechomekwa kifuani. Nikamwambia, "Baba, yule wa katuni akiharibika unamfuta, unachora mwingine. Huyu wangu nilimzaa kwa kutwa nzima na usiku wake, na kifutio sina."

Akacheka, akasema, "Basi mama, nishonee mwingine."

Nikamshona. Nilitengeneza mwanasesere wa kimo cha mtu kwa kitambaa cha marekani. Vipimo nilivichukua kwa mwanangu mwenyewe, bega, kiuno, urefu wa mkono. Nilimjaza maranda ya ghalani na vipande vya sponji. Uzi mweupe uliniishia nikiwa kwenye mkono wa kushoto, nikamalizia na wa bluu. Ni aibu kwa fundi, lakini nilijua koti litafunika. Vijana wa filamu wakampa jina la Pacha.

Leo saa 1:15 asubuhi binti yangu alinipigia simu akiwa huko mtoni. Alisema, "Mama, Pacha amekaa kama gunia la viazi. Mwongozaji hamtaki. Huenda nikaingia mimi."

Nikamwambia, "Usithubutu."

Akasema, "Mama, wanakusanya simu zisije zikalia wakati wa kurekodi." Ikakatika.

Nilipiga, haikupatikana. Nikapiga tena na tena. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, nikakaa kwenye cherehani ili mikono iwe na kazi. Shati la kwanza nililishonea mfuko mgongoni.

Saa 4:05 simu ililia, namba nisiyoijua. Mwanaume aliniuliza, "Mama, wewe ni nani wa mtu mwenye koti jekundu?" Alikuwa koplo wa kituo hiki. Namba yangu aliikuta imeshonwa ndani ya koti. Ni kweli, nguo zote za mwanangu nazishonea namba yangu kwa ndani tangu alipopotea sokoni akiwa na miaka mitano. Sasa ni mtu mzima na ananinunia, lakini bado nashona. Koplo alisema koti limeokotwa na waosha magari kando ya mto, na chini ya daraja kubwa kuna mtu ameonekana. Nilimuuliza huyo mtu anafanya nini. Akasema, "Njoo tu, mama."

Jirani yangu fundi viatu alinipakia kwenye pikipiki yake. Njiani aliniambia, "Mama Vifungo, nishike, usininyonge."

Tulifika darajani saa 4:40. Watu walikuwa wamejipanga ukingoni. Zimamoto walikuwa wanashusha kamba. Kwenye nguzo ya pili alikuwepo mtu kifudifudi, helmeti kichwani, suruali nyeusi, maji yanamsukuma anarudi, yanamsukuma anarudi. Kutoka juu pale niliona bega. Bega lile nalijua. Sikulia. Nilimuuliza yule koplo aliyenipigia, ambaye alikuwa amenishika mkono, kama maji ya pale ni ya baridi.

Zimamoto mmoja alimgeuza kwa mti mrefu. Mkono wa kushoto ukaja juu. Tangu kwapani hadi kwenye kiwiko nikaona uzi wa bluu.

Hapo nilikaa chini barabarani nikacheka. Nakiri nilicheka sana. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu alianza kuniombea.

Nikamwambia koplo, "Huyo si mwanangu. Huyo ni Pacha."

Akasema, "Pole sana, mama. Kumbe walizaliwa wawili?"

"Hapana. Huyo nimemtengeneza mimi. Nilimkata juzijuzi juu ya meza yangu, nikamjaza maranda, nikamshona."

Koplo aliniachia mkono. Kisha akanishika tena, safari hii kwa nguvu, akamwita mwenzake aje na daftari. "Mama, usiseme zaidi mpaka tufike kituoni."

Fundi viatu akamwambia, "Afande, huyu hata kuku hachinji. Huniita mimi, naye hujificha chumbani."

Ndipo yule wa zimamoto akapaza sauti kutoka chini, "Afande, marehemu amejaa sponji." Watu walicheka daraja zima. Koplo naye aligeukia upande wa pili, mabega yakawa yanamtikisika.

Walimlaza Pacha kwenye majani. Nilimkagua kama ninavyokagua kazi yangu yoyote. Shingo ilikuwa imegeukia mgongoni. Helmeti imepasuka kama ganda la yai. Bega la kulia limechanika lote, maranda yanamwagika, na mshono wa pale niliupitisha mara mbili. Vipimo vilikuwa vya mwanangu, afande. Nilivua mtandio wangu nikamfunika. Najua ni mwanasesere. Nilimfunika hivyo hivyo.

Nilishajua kwamba kama Pacha ndiye aliyeruka, basi mwanangu hakuruka. Lakini simu yake bado haikupatikana, na moyo wa mama haushibi habari ya nusu. Nilibaki pale ukingoni nimeishika simu kwa mikono miwili.

Saa 5:25 ikalia. Alisema, "Mama, nimekuta umenipigia mara thelathini na nne. Kuna nini? Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Hilo halikuwa kweli, naomba liandikwe.

Saa 6:15 mchana alifika hapa kituoni pamoja na Mwongozaji. Nilimpapasa bega la kulia mbele za watu mpaka akasema, "Mama, unanitekenya." Mwongozaji alieleza kwamba gari liliruka saa 3:30, kanyagio la mafuta likiwa limewekewa jiwe, wakalivuta majini kwa waya wakakuta kiti kitupu, wakadhani Pacha amezama, wakapanga kumtafuta baada ya chakula. Aliniomba radhi, na radhi nimempa. Halafu akafungua kompyuta yake anionyeshe. Pacha ametokea dirishani, mkono juu, kama mtu anayewapungia rafiki zake. Akasema, "Mama, hata katuni haikufika hapa." Mimi nilikuwa natazama mshono wa bega. Mkono ule ulikuwa unang'oka.

Nilimuuliza mwanangu imekuwaje hakuingia. Alisema aliingia. Alivaa koti, akafunga mkanda, akawasha gari, kila kitu kikawa tayari. Akamwambia Mwongozaji, "Kiti cha pembeni kiko wazi. Njoo ukae, tuchekeshane, nicheke kama wa kwenye katuni." Mwongozaji akasema yeye ana kazi na kamera.

"Basi nikazima gari, mama," akaniambia. "Nikashuka nikamvalisha Pacha koti na helmeti."

Nimeulizwa kama namlalamikia mtu yeyote. Simlalamikii. Nimeulizwa kama kuna mtu aliyekufa. Hayupo, na namshukuru Mungu, halafu namshukuru yule wa zimamoto mwenye mti mrefu. Nimeulizwa kama nitamshona Pacha mwingine. Nitamshona, hata kumi, maadamu wao ndio watakaokaa kwenye kile kiti.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyashona kwa mikono yangu. Nimesomewa, nimeyakubali, ila pale palipoandikwa "nilicheka kidogo" nimeomba pasahihishwe.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, nikamsomea, akasahihisha mahali pamoja. Taarifa ya kifo imefungwa. Mwanasesere amehifadhiwa kwenye chumba cha vielelezo hadi atakapokauka, kisha atakabidhiwa kwa mwenyewe. Shahidi na binti yake waliondoka kituoni saa 11:05 jioni. Binti alikuwa na gari nje. Wameondoka kwa miguu.

Afisa wa zamu