Mlango Niliopewa Kuulinda

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma humu.

Umenipongeza kwa kuokoa watu siku ya moshi pale ukumbini, ukaomba nikusimulie. Nianze na Meneja wetu, debe tupu lile. Kila mwaka hufanya zoezi la kutoa watu ukumbini, na hulitangaza wiki nzima kabla! Siku yenyewe anavaa tai, anapuliza filimbi, nasi tunatoka taratibu kwa mlango wa mbele, kwa sababu huko ndiko anakosimama mpiga picha. Mlango wa dharura wa nyuma hatujawahi kuupitia hata mara moja. Ameugeuza stoo ya viti vya wageni rasmi. Nilipomkumbusha aliniambia niache uchuro.

Basi Jumamosi, katikati ya mahafali ya chuo, nyaya za jukwaani zikaungua. Unadhani watu mia sita walikimbilia wapi? Mlango wa mbele, sisi wafanyakazi tukiwa mbele yao, kama tulivyozoezwa. Wakabanana, wakakanyagana, wawili hawakuinuka tena. Meneja alikuwa ameshafika kwenye gari lake, filimbi ingali shingoni.

Walionusurika wengi walitokea nyuma. Yupo mlinzi wa geti tunayemwita Kobe kwa mwendo wake. Jina hilo nilimpa mimi. Aliacha geti, akaingia ndani ya moshi, akaviondoa viti kimoja kimoja mpaka mlango ukafunguka. Umati ulimvunja mguu. Sasa Meneja anataka kumfukuza kwa kuacha lindo bila ruhusa. Wanasema akili ni nywele. Meneja ana upara.

Dada, shujaa wa kwenye ripoti ya Meneja ni mimi, na ripoti hiyo ni uongo. Mlango wa nyuma ulikuwa lindo langu. Nilipoona moshi nilikimbia, na njiani nilimsukuma mama mmoja mwenye mtoto. Meneja alihitaji mtu wa kumsifu asiyekuwa Kobe, akaandika jina langu, nami nikanyamaza. Ninamdharau Meneja, lakini yeye hajawahi kujifanya jasiri.

Jana nilikwenda hospitali kumwomba Kobe radhi. Kabla sijatamka neno, akaniambia nisijali maneno ya watu wanaosema nilitoroka, kwamba yeye ameshawaeleza wote kuwa nilikimbilia kuita zimamoto. Anaamini hivyo kwa moyo wake wote. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kesho kamati inakaa kuamua juu yake. Nimeandika ukweli wote, na nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Nikiingiwa na woga tena, uipeleke wewe kwa kamati, hata kama itakuwa imeshaamua.

Msalimie shemeji, wabusu watoto. Mama usimwambie kitu, nitamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba